Ndoo ya Udongo

Nimeingia dukani kwa Nakundwa, nyuma ya soko la Mbuyuni,
na ndoo ya udongo wa Kibosho mkononi.
Mlinzi aliuliza ni nini. Nikamwambia: shamba langu, lita kumi.

Keekee tatu za betri zimelala kauntani
kama watoto waliochoka kumsubiri daktari.
Ya bluu, volti kumi na nane.
Ya njano, ishirini, betri mbili na chaja ndani ya sanduku.
Ya kijani haina jina, ina kibandiko cha simba
na bei ya kutia huruma.

"Mzee, unatoboa zege?"
Natoboa dari la fuko.
Anacheka, kisha anaona sicheki.

Ni hivi, binti: fuko wa mgombani hana haya.
Anakula mzizi, mgomba unabaki umesimama
kama mtu aliyefiwa na bado hajaambiwa;
upepo ukipita tu, chali.
Msimu huu kumi na mmoja,
na mkungu wa mwisho ulikuwa wa harusi ya Aikambe.

Baba alichimba kwa mtaimbo.
Alisimama peku juu ya kifusi kibichi,
akasikiliza kwa nyayo,
akapiga mara moja, na njia ilikuwa pale pale.
Kitanzi cha waya, fito iliyopindwa, kamba ya mgomba;
asubuhi fito imenyooka
na meno ya rangi ya chungwa yananing'inia.
Nyayo zile hakuniachia.
Aliniachia magoti.

Ndiyo maana nauliza habari za volti.

Nakundwa anasoma karatasi kwa kidole:
ampea nne, taya za milimita kumi na tatu,
zitaing'ata parafujo ya udongo isiteleze,
na hapa penye picha ya nyundo ni pa kugonga,
"lakini udongo, mzee, haugongwi."
Huko kwenu Usangi labda.
Wangu una shubiri mbili za ulaini,
halafu mlima unakumbuka kwamba ulikuwa moto.
Mle mna mawe yenye matundu kama mkate,
magumu kama deni.

Basi tunajaribu kwenye ndoo.
Ya njano inaruka, inanisokota kiwiko
kama askari aliyeambiwa nina kesi.
Udongo ukutani, udongo kwenye kalenda.
Ya kijani inalia, inatoa moshi, inazima. Simba amelala.
Ya bluu,
nabonyeza kidogo, inazunguka kidogo;
naongeza, inazama kama kijiko kwenye mtori.
Inagusa jiwe. Naweka kwenye nyundo: trrr, trrr,
chuma kinabisha hodi na jiwe, taratibu, linasogea.

Hapo nikanyamaza.
Kama mimi nimeisikia hadi begani,
fuko ataisikia mwili mzima.
"Atakimbia," Nakundwa anasema, kabla sijasema.

Atakimbia.
Usiku atarudi kuziba tundu,
maana fuko havumilii mlango wazi,
na waya utakuwa umeketi kizingitini.
Kelele ni ya mchana. Kazi ni ya usiku.
Kumbe sikuhitaji mashine isiyosikika,
nilihitaji inayoanza polepole,
nisianguke nayo.

Nalipa ya bluu kwa vipande viwili,
cha pili baada ya kahawa.
Ananiandika daftarini, herufi kubwa, kisha anaokota fagio.
Hapana, usifagie.
Napiga magoti (yanalia yote mawili)
naukusanya udongo wangu kwa kiganja,
hata ule wa kwenye kalenda, juu ya tarehe tisa.
Huu si wa kuacha mjini.

Njiani kupanda, betri mfukoni ina joto kama yai la kuku.
Namuwaza yule wa chini,
aliyechimba shamba zima bila chaja,
bila kipande cha pili baada ya kahawa,
kwa meno aliyopewa tu.
Ningempa heshima yake.
Ila ile migomba ni yangu.